Bangili Iliyokuwa Kufuli

Kufuli la shaba likishagoma kufunguka, mwenye nyumba hulikata kwa msumeno na kulitupa, na kwake habari ya kufuli imekwisha. Kwa mafundi wa Kibera, Nairobi, ndiyo kwanza inaanza. Mwokotaji huliuza kwa mnunuzi wa vyuma chakavu, mnunuzi hulipima kwa kilo pamoja na koki za maji zilizochakaa, vitasa na funguo zisizo na milango, kisha gunia huishia kwenye karakana ya fundi wa vito. Fundi hung'oa upindo wa chuma na springi, maana chuma hakiyeyuki kwa moto unaotosha kuyeyusha shaba, hujaza vipande kwenye chungu cha kuyeyushia na kuwasha mkaa unaopulizwa kwa feni. Shaba ya njano huyeyuka ikipita nyuzi 900 hivi za Selsiasi. Ikiwa tayari humiminwa kwenye kalibu ya mchanga, au kwenye mfuo wa chuma unaotoa mche mwembamba wa kufuliwa kwa nyundo. Kazi inayofuata ndiyo ndefu: kukata, kupinda, kulehemu, kupiga tupa, kupitisha msasa mkali kisha msasa laini, na mwisho kusugua kwenye gurudumu la kitambaa mpaka bangili imeremete kiasi cha kumfanya mteja aulize kama ni dhahabu.

Mapambo yanayotokana na vitu vilivyotupwa yamepata jina zuri siku hizi. Mikufu ya karatasi za kalenda, hereni za pembe za ng'ombe, vikuku vya kandambili zilizookotwa ufukweni, shanga za chupa za bia: vyote vina duka lake, maonyesho yake na watu wa kuvisifu. Sifa hizo huja kwa njia mbili. Kwanza tunaambiwa kwamba mapambo haya yanasafisha mazingira. Pili tunaambiwa kwamba kuyanunua ni kumwinua mtu maskini. Sifa zote mbili hutolewa kwa nia njema, na zote mbili zinayapunja. Ya kwanza haisimami ikipigiwa hesabu, na ya pili humdhuru fundi mwenyewe. Thamani ya bangili ile iko katika ufundi wake, na tukiikubali hivyo hatuna budi kuipima kwa ukali uleule tunaopimia kito chochote kingine: uzuri, uimara, na usalama wa ngozi itakayoivaa. Hadi sasa tumekuwa tukiisamehe makosa kwa sababu tumeihurumia, na mwenye kulipia gharama za huruma hiyo ni fundi.

Hesabu ya mazingira si ngumu. Tuchukue pete ya shaba yenye uzito wa gramu 10. Mafundi wakitengeneza pete 1,000,000 za namna hiyo, watakuwa wametumia tani 10 za chakavu. Jiji la Nairobi peke yake huzalisha zaidi ya tani 2,000 za taka kwa siku. Kwa hiyo pete milioni moja, ambazo ni kazi ya maisha ya mafundi wengi, hazifikii hata asilimia moja ya taka za siku moja za jiji moja. Tena shaba yenyewe haikuwa ikielekea jalala la Dandora, kwa kuwa ina bei, na kama fundi wa vito asingeinunua, kiwanda kingeinunua. Tani 10 ndizo zilizotumika Lamu kuunda jahazi la Flipflopi, lililojengwa kwa plastiki iliyookotwa na kupambwa kwa kandambili zipatazo 30,000, likasafiri hadi Zanzibar mwanzoni mwa 2019. Jahazi moja lilimeza uzito wa pete milioni, na hata waliolijenga walikusudia liwe ujumbe unaoelea, kwa kuwa walijua bahari haiwezi kusafishwa na jahazi moja. Mifuko ya plastiki ilipungua mitaani kwa sababu ya marufuku, Kenya kuanzia tarehe 28 Agosti 2017 na Tanzania kuanzia tarehe 1 Juni 2019. Haikupungua kwa sababu mtu fulani alisuka mkufu. Anayemwambia mnunuzi kwamba hereni zake zinaiokoa dunia anampa faraja ya bure, na anaiondolea serikali na kiwanda mzigo ambao ni wao wanaopaswa kuubeba.

Hesabu hiyohiyo, ikigeuzwa, inaonyesha jambo lenye uzito zaidi. Kilo moja ya shaba chakavu ina bei yake mbele ya mnunuzi wa kilo. Kilo hiyo ikigeuka kuwa pete, bei yake hupanda mara nyingi sana, na katikati hakuna kilichoongezeka isipokuwa mkaa kidogo, msasa, muda, na jicho la mtu anayejua pindo lipi litapendeza kidoleni. Katika pete ya dhahabu, sehemu kubwa ya bei huwa ni ya madini. Sonara hulipwa ujira juu yake. Katika pete ya kufuli, madini karibu hayana bei, na kile unacholipia ni mkono. Ni vito vichache vinavyomweka fundi wazi kiasi hiki. Hana pa kujificha nyuma ya karati. Kazi ikiwa mbovu inaonekana ni mbovu, na ikiwa nzuri, uzuri wote ni wake.

Wako wanaosema kwamba haya ni mambo ya kuiga, kwamba kupamba mwili kwa takataka ni fasheni iliyotujia na wafadhili. Historia ya pwani na bara inawajibu. Katika pango la Panga ya Saidi, huko Kilifi, wanaakiolojia wamechimbua ushanga wa kombe la baharini wenye umri wa zaidi ya miaka 60,000, na katika tabaka za juu zaidi shanga za maganda ya mayai ya mbuni. Ganda la yai likishatoa kifaranga, au kilichokuwamo kikishaliwa, ni kitu cha kutupa, na bado mtu aliona ndani yake duara dogo linaloweza kutobolewa na kuvaliwa shingoni. Katika miji ya kale ya Waswahili, mafundi walilainisha shanga za makombe juu ya vipande vya matumbawe na vigae vya vyungu, na vigae hivyo vimepatikana vikiwa na mifereji iliyochimbika kwa kusugulia. Chungu kilivunjika, kigae chake kikawa kifaa cha kutengenezea mapambo. Hapakuwa na mfadhili wa kumweleza mtu yule faida ya kutotupa.

Chuma na fedha vilipokuja, tabia ilikuwa ileile. Riale ya Maria Theresa, sarafu ya Austria yenye mwaka 1780, ilizunguka Omani, Zanzibar na Uhabeshi kwa vizazi kadhaa, na masonara wa Omani waliiyeyusha kwa wingi kutengeneza bangili na vidani vya fedha, au wakaiacha nzima na kuitundika katikati ya kidani. Wanandi, reli ya Uganda ilipokuwa ikipenya nchi yao mwishoni mwa karne ya 19 na mwanzoni mwa karne ya 20, walikata nyaya za telegrafu na kuzifanya mapambo, huku vyuma vya reli vikifuliwa kuwa silaha. Wamaasai walipopata vikopo vya filamu za kamera, baadhi yao walivivaa kwenye ndewe. Hata shanga za kioo zinazowapa Wamaasai sura wanayojulikana nayo duniani zilitoka mbali, Venice na Bohemia, na hakuna mwenye akili atakayesema kwamba kwa sababu hiyo si za Wamaasai. Pambo huwa mali ya watu kwa jinsi wanavyolipanga, wanavyolivaa na wanavyolipa maana, na mahali kilikotoka kipande chake ni jambo dogo.

Pingamizi la pili ni la heshima, nalo ndilo linalosemwa kwa sauti ya chini katika familia nyingi: takataka ni takataka, na binti hawezi kuolewa kwa pete iliyokuwa koki ya choo. Wanaosema hivi wana hofu halali ya kudharauliwa. Lakini wanasahau ilikotoka dhahabu wanayoipendelea. Takriban robo ya dhahabu inayoingia sokoni duniani kila mwaka imetokana na dhahabu iliyokwisha kutumika: mikufu iliyokatika, pete za ndoa zilizovunjika, meno ya bandia, vipande vya mashine. Sonara wa Mombasa au Kariakoo humpokea mteja mwenye hereni moja iliyobaki baada ya nyingine kupotea, huiyeyusha, na kesho yake dhahabu ileile iko kwenye kidole cha mtu mwingine. Hakuna anayeuliza imepitia mikono ya nani. Kwa medali za michezo ya Olimpiki na Paralimpiki ya Tokyo, Wajapani walikusanya tani 78,985 za vifaa vya elektroniki vilivyotupwa, zikiwemo simu zaidi ya milioni 6, wakapata humo kilo 32 za dhahabu pamoja na fedha na shaba za kutosha medali zote zipatazo 5,000. Wanariadha walilia kwa furaha wakizibusu. Moto hufuta asili ya madini yote kwa usawa, ila macho yetu huifuta asili ya dhahabu na kuikumbuka asili ya shaba, na hapo kosa si la shaba.

Mfupa hauyeyuki, kwa hiyo asili yake haifutiki kwa moto, na kwa sababu hiyo kazi yake inastahili kutazamwa kwa karibu zaidi. Mafundi wa Nairobi hununua mifupa ya ng'ombe kutoka machinjioni na buchani. Kwanza huchemshwa kwa muda mrefu kuondoa nyama, uboho na mafuta. Mfupa usiochemshwa vya kutosha hunuka na kugeuka manjano mwilini mwa mvaaji, na mfupa mbichi unaweza kubeba vijidudu, kikiwemo cha kimeta. Ukishakauka hukatwa kwa msumeno, husawazishwa kwenye gurudumu la kusagia, hutobolewa kwa keekee, na hapo ndipo fundi hodari anapojitenga na fundi wa kawaida. Baadhi huchora kwa nta ya moto kisha wakauzamisha mfupa katika rangi nyeusi au ya kahawia. Palipofunikwa na nta hubaki peupe, kama inavyofanyika kwenye kitambaa cha batiki, na mchoro unaobaki ni wa mkono mmoja usioweza kurudiwa sawasawa. Pembe, hasa za ng'ombe wa Ankole wa Uganda zilizo kubwa na nene, hulainika zikipashwa moto, hivyo huweza kupindwa kuwa bangili na kupigwa msasa mpaka zionyeshe mawimbi ya maziwa na kahawa yaliyomo ndani.

Mfupa una sifa nyingine ambayo pembe ya ndovu haitakuwa nayo kamwe. Biashara ya kimataifa ya pembe za ndovu ilipigwa marufuku kwa makubaliano ya 1989, mwaka uleule Kenya ilipochoma tani 12 za pembe hadharani. Mwaka 2016 ikachoma tani 105. Weupe uliofanya tembo wauawe kwa maelfu unapatikana katika paja la ng'ombe aliyekwisha kuliwa. Kwa kioo cha kukuzia mtu yeyote anaweza kuvitofautisha: mfupa una vitundu vidogo vyeusi ambavyo zamani vilipitisha damu, pembe ya ndovu ina mistari myembamba inayopishana. Wasanii wengine huficha vitundu hivyo kwa rangi ili kazi ifanane na pembe ya ndovu. Ningewashauri waviache. Ni alama ya kwamba hakuna mnyama aliyeuawa kwa ajili ya mkufu huo, na mnunuzi anayejua atavitafuta.

Sasa ile sifa ya pili, ya kumwinua maskini. Mfano unaofundisha kuliko yote ni wa shanga za karatasi za Kampala. Karatasi ngumu yenye rangi, ya kalenda, bango au gazeti la picha, hukatwa pembetatu ndefu nyembamba. Kila ukanda huviringishwa kwenye sindano kuanzia upande mpana hadi nchani, hugundishwa, kisha shanga hutungwa kwenye uzi, huchovywa katika vanishi na kuanikwa. Unene wa katikati, wembamba wa ncha na rangi inayojitokeza pembeni vyote hutegemea mkato wa kwanza, kwa hiyo mwenye mkasi ndiye mchoraji ingawa hashiki kalamu. Katika mtaa unaoitwa Acholi Quarter, walikokimbilia wanawake wengi kutoka kaskazini mwa Uganda wakati wa vita na waasi wa LRA, kazi iliyopatikana kwa urahisi ilikuwa kuponda mawe kwenye machimbo. Mwaka 2004 Wamarekani kadhaa waliona shanga hizo, wakaanzisha shirika la BeadforLife, na mikufu ikauzwa Marekani kwenye sherehe za majumbani. Fedha zilizopatikana ziliwasaidia wanawake wengi kujenga nyumba na kusomesha watoto, na hilo halipaswi kudharauliwa.

Lakini angalia kilichokuwa kikiuzwa. Mnunuzi wa ng'ambo alinunua hadithi ya mateso pamoja na mkufu, na kwa wengi hadithi ndiyo iliyokuwa na uzito. Hadithi ikishanunuliwa mara moja hainunuliwi tena: mwenye mikufu miwili ya huruma hana haja ya wa tatu. Wakati huohuo ufundi wa kuviringisha karatasi hujifunzwa kwa siku chache, na masoko ya Kampala, Nairobi, Arusha na hata Kigali yalijaa mikufu inayofanana, ikishindana kwa jambo moja tu lililobaki, urahisi wa bei. BeadforLife wenyewe baadaye walielekeza nguvu zao kwenye kufundisha wanawake biashara za aina mbalimbali, na nadhani waliona mbali. Chema chajiuza, kibaya chajitembeza, na huruma ni namna mojawapo ya kujitembeza. Mkufu wa karatasi unaoweza kudumu sokoni ni ule ambao mtu ataununua bila kujua aliyeutengeneza alipitia nini: wenye mpangilio wa rangi uliofikiriwa, vanishi isiyobanduka kwa jasho, uzi usiokatika, na kifungo kisichochubua shingo. Upo. Wapo mafundi wa Kampala wanaoutengeneza. Wanauza kwa shida kwa sababu umewekwa meza moja na ile ya haraka, kwa bei ileile, chini ya bango lilelile la kusaidia akina mama.

Tuje kwenye pingamizi zito, linalohusu wizi. Shaba haikui kwenye miti. Mnunuzi wa kilo hana namna rahisi ya kujua kama waya aliouziwa ulitoka kwenye mashine iliyokufa au kwenye transfoma iliyokuwa ikiwapa watu umeme jana. Januari 2022, baada ya nguzo za umeme kuhujumiwa na sehemu kubwa ya Kenya kukaa gizani, serikali ilisimamisha biashara nzima ya vyuma chakavu, na zuio hilo halikuondolewa hadi Mei. Zuio la namna hiyo halichagui. Humfunga mwizi na humfunga fundi wa hereni. Mtu anaweza kusema kwamba mradi vito vya shaba vinauzwa, nyaya zitaibwa. Jibu langu ni kwamba kiasi kinachotumiwa na mafundi wa vito ni kidogo mno kuendesha wizi wa nyaya, na hesabu ya pete milioni imekwisha kuonyesha hivyo. Wizi unaendeshwa na wanunuzi wa tani. Hata hivyo udogo si utakaso. Kufuli, koki na kitasa vina faida hii: vinatambulika kwa macho. Fundi anayenunua vitu vizima na kukataa waya uliochomwa ngozi, wenye weusi wa moshi, anajilinda yeye na jina la kazi yake. Mwenye duka naye ana haki ya kumuuliza swali hilo kabla ya kuagiza.

Ila jambo linalonishughulisha kuliko yote ni afya, kwa sababu hapa wapenzi wa mapambo haya hawana majibu ya kutosha. Shaba ya njano ni mchanganyiko wa shaba nyekundu na zinki. Zinki huchemka kwenye nyuzi 907, karibu kabisa na joto linaloyeyusha mchanganyiko wenyewe, hivyo chungu kikizidishiwa moto hutoa moshi mweupe. Anayeuvuta hupata homa, baridi na maumivu ya mwili saa chache baadaye, na kwa kawaida hupona baada ya siku moja au mbili. Mafundi wengi, kama wenzao wa kulehemu, hunywa maziwa wakiamini yanasafisha kifua. Maziwa ni chakula kizuri, lakini hayaingii mapafuni. Kinachosaidia ni paa lililo wazi, feni inayovuta moshi mbali na uso, na kutozidisha moto.

Moshi wa zinki hupita. Madini ya risasi hayapiti. Shaba inayotengenezewa koki na makufuli mara nyingi huongezewa risasi, kiasi cha asilimia 2 au 3, ili ikatike vizuri kwenye mashine za kiwandani. Koki ikiyeyushwa, risasi haiondoki. Huingia kwenye bangili. Umoja wa Ulaya tangu Oktoba 2013 hauruhusu sehemu ya kito iwe na risasi inayozidi asilimia 0.05. Shaba yenye asilimia 2 inazidi kiwango hicho mara 40. Mtu mzima anayevaa bangili mkononi hayuko katika hatari kubwa, kwa sababu risasi haipiti ngozini kwa urahisi. Hatari ni kwa fundi anayepumua vumbi la tupa na gurudumu kila siku, kisha akarudi nyumbani na nguo zilezile kumbeba mtoto, na kwa mtoto anayeweka pambo mdomoni. Mwaka 2006, huko Minneapolis, Marekani, mtoto wa miaka 4 alikufa baada ya kumeza kidani cha bangili ya bei rahisi kilichokuwa karibu risasi tupu. Kidani hicho kilitoka kiwandani. Hakikuwa kazi ya fundi wa mtaani. Lakini tumbo la mtoto halitofautishi. Hali ni hiyohiyo kwa hereni zinazokatwa kutoka kwenye mbao za saketi za redio na kompyuta kuukuu. Zinapendeza kwa kijani chake na nyuzi zake za dhahabu, ila za miaka ya nyuma zimelehemiwa kwa risasi, na vumbi linalotoka wakati wa kuzikata halifai kuvutwa na mtu yeyote. Anayevutiwa na habari ya dhahabu ya Tokyo na kutaka kuchoma mbao hizo uani au kuziloweka kwenye tindikali aelewe kwamba kazi ile ilifanywa na viwanda vyenye vichujio na wakemia.

Je, basi mafundi wa shaba wafunge karakana? La. Tatizo hili lina dawa, na dawa inaanza kwenye kuchagua. Shaba iliyotengenezwa kwa kufuliwa au kubanwa, kama vile sinia, vyombo na mabati ya mapambo, kwa kawaida haina risasi ya kuongezwa, kwa kuwa risasi huifanya ipasuke inapofinywa. Fundi mzoefu huijua kwa nyundo: moja hukunjika, nyingine hupasuka. Akizitenga hizi mbili, ile ya koki ikaenda kwenye mishikio ya milango na vinara, ile laini ikawa pete na hereni, atakuwa amepunguza sehemu kubwa ya hatari kabla hajatumia shilingi. Kinachobaki kinahitaji kipimo. Kipo kifaa cha mkononi cha eksirei kinachosoma mchanganyiko wa madini kwa sekunde chache bila kuharibu kitu. Ni ghali mno kwa fundi mmoja, lakini si ghali kwa shirika la viwango la taifa wala kwa ushirika wa mafundi mia mbili. Watu waliojitolea kwa miaka mingi kuwapiga picha mafundi hawa na kuandika hadithi zao wangewafaa zaidi wakiwanunulia kifaa hicho.

Limebaki pingamizi la mwisho: kwamba vito hivi ni vya watalii, na wenyeji hawavivai. Kwa kiasi fulani ni kweli, na ni udhaifu. Ila si lazima iwe hivyo, na ushahidi uko Ghana. Wakrobo huponda chupa zilizovunjika kuwa unga, huujaza kwenye kalibu za udongo, huchomeka kikonyo cha jani la muhogo katikati ya kila shimo, na kuziingiza tanuruni. Kioo huungana, kikonyo huungua na kuacha tundu la uzi, kisha shanga husuguliwa kwa mchanga na maji. Chupa hizo ni za bia na dawa, kila mtu anajua. Na bado shanga hizo ndizo wanazovishwa wasichana wa Kikrobo katika sherehe ya dipo ya kuingia utu uzima, nao watalii hununua kinachobaki. Kwetu tunao mafundi wa kiwango hicho. Bombolulu, Mombasa, watu wenye ulemavu wamekuwa wakitengeneza vito vya shaba na mbegu tangu 1969. Arusha, karakana ya Shanga huyeyusha chupa kuukuu kuwa shanga na vyombo vya kioo, nayo pia imeajiri watu wenye ulemavu. Wageni hupelekwa huko kwa mabasi. Bibi harusi wa Kisauni, Mombasa, au wa Sakina, Arusha, hapelekwi, na hakuna aliyewahi kumtengenezea seti ya bangili za harusi, kikuku na kipini, kwa mtindo anaoujua, kwa bei ya mtu anayeishi hapa.

Fundi anayetaka soko hilo aanze kwa jambo dogo ambalo masonara wamelifanya kwa karne nyingi. Dhahabu hupigwa muhuri wa karati, na sonara wa heshima huongeza alama yake. Bangili ya shaba haina muhuri wowote. Jina pekee linaloambatana nayo huwa la shirika, kwenye kadi ya karatasi inayotupwa mteja akifika nyumbani. Kipande cha chuma kigumu kilichochongwa herufi mbili za jina la fundi na alama ya madini aliyotumia hakigharimu zaidi ya siku ya kazi. Kikigongwa ndani ya bangili, mteja wa Kisauni ikimkatikia atajua airudishe kwa nani, na ikimpendeza atajua amtume dada yake kwa nani.